Uzamivu wa sayansi ya jamii ukiwa Mombasa: mwongozo kamili, kutoka swali hadi utetezi

Nimejiandikisha kusomea uzamivu, yaani PhD, mara mbili. Mara ya kwanza nilianza na chuo: nikaona tangazo, nikalipa ada ya maombi, nikapata barua ya kukubaliwa, nikapiga picha nayo. Baada ya mihula miwili nilikuwa na kitambulisho cha mwanafunzi, deni la karo na mada iitwayo "Migogoro ya ardhi Pwani", ambayo hakuna mhadhiri hata mmoja wa idara ile aliyekuwa akiitafiti. Mara ya pili nilianza na swali, nikatafuta mtu wa kunisimamia, chuo kikaja mwisho. Hiyo ndiyo niliyomaliza.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa mara ya pili. Nimemwandikia mtu anayeishi Mombasa, mwenye shahada ya uzamili, pengine ana kazi na watoto, na anataka kutafiti mambo ya watu: historia, sosholojia, anthropolojia, siasa, elimu na nyinginezo za ukoo huo.

1. Punguza mada hadi iwe swali

Ardhi Pwani ni mada, na mada moja inaweza kujaza kabati zima bila kumpa mtu shahada. Tazama yangu ilivyopungua. Kutoka Pwani nikaja Mombasa, kutoka Mombasa nikaja Majengo nilikolelewa. Majengo, kama mitaa mingine ya mji huu, kuna mpango ambao mgeni huuona kichekesho: nyumba ni yako, ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, nawe humlipa kodi ya kiwanja. Nyumba bila ardhi. Mtoto wa Majengo analijua jambo hilo kama anavyoijua njia ya Marikiti, ndiyo maana halimshangazi.

Mimi lilinishangaza siku ya matanga ya jirani, niliposikia wanawe wakibishana. Marehemu ameacha nyumba ya udongo na chokaa yenye vyumba sita. Warithi watagawana nini hasa? Katiba ya 2010 imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Kadhi anaweza kugawa kuta na paa, lakini ardhi si ya marehemu, na bila ardhi hizo kuta zina thamani gani? Swali langu likawa hili: warithi wa nyumba zisizo na ardhi huafikianaje juu ya thamani ya kitu ambacho hakiwezi kuhamishwa wala kuuzwa pamoja na mahali kilipo?

Ukipata swali lako, lipime hivi. Je, jibu linaweza kukushangaza? Ikiwa tayari unalijua, unachotaka ni kuhutubu, na mimbari ni rahisi kuliko uzamivu. Je, wanaojua jibu unaweza kuwafikia kwa nauli yako mwenyewe? Na je, mtu asiyeijua Mombasa atajali? Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi. Mtahini aliye Accra au Leiden hajali Majengo, ila anajali namna watu wanavyomiliki kitu nusu. Hapo ndipo nadharia huingia, na iingie kwa mlango huo. Isiwe pazia lililotundikwa sura ya pili kwa kuwa kila mtu hutundika.

2. Hakikisha mada haijaposwa

Miezi miwili mitatu isome tu. JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma, hukuruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni kwa akaunti ya bure. Tovuti ya AJOL ina majarida mengi ya Afrika, na vyuo vyetu vingi huweka tasnifu za wanafunzi wao wazi kwenye hazina zao za mtandaoni. Tasnifu hizo zisome hata zikiwa mbovu, maana utajua mlango upi umekwisha kubishwa. Takwimu za watu zimo kwa KNBS, shirika la takwimu la taifa: sensa ya 2019 iliihesabu Mombasa kuwa na watu 1,208,333. Kwa historia, nenda maktaba ya Fort Jesus, kisha panga safari ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Anayetafiti ardhi ya Mwambao hakwepi sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka wenye ardhi ukanda huu walete madai yao yasajiliwe. Ugomvi mwingi wa leo una mzizi humo.

Kila unachosoma kiingize Zotero siku hiyo hiyo, ni programu ya bure. Chini yake andika mistari mitatu: mwandishi aliuliza nini, alijuaje, aliacha nini. Mstari wa tatu ndio utakaokuandikia sehemu ya pengo la utafiti.

3. Tafuta msimamizi kabla ya chuo

Huyu mtu utakuwa naye miaka mitatu, minne, saba. Kanuni za CUE, yaani Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, zinataka uwe na wasimamizi wasiopungua wawili, lakini kwa kweli mmoja ndiye atakayekusoma. Mchague huyo.

Anza na majina unayoyaona katika ulichosoma. Andika barua pepe fupi, isizidi nusu ukurasa. Kwanza taja jambo moja mahususi katika kazi yake na namna linavyogusa swali lako. Kisha swali lenyewe kwa sentensi mbili. Kisha wewe ni nani na unataka kuanza lini. Ambatisha andiko la dhana la kurasa tatu. Usiandike "nimevutiwa na kazi zako nyingi", maana anajua hujazisoma. Mimi niliandikia watu tisa, wakanijibu wanne, wawili wakisema wamejaa. Msimamizi wangu alinijibu kwa kunikosoa kichwa cha habari. Nilikasirika siku mbili, halafu nikaona kuwa ndiye pekee aliyesoma.

Kabla ya kukubali, zungumza na wanafunzi wake wawili, mmoja aliyemaliza na mmoja aliyekwama. Waulize anarudisha sura baada ya muda gani. Akikaa nayo mwezi, ni mtu wa kawaida. Akikaa miezi sita, kimbia, hata awe na jina kubwa namna gani. Uliza pia kama anakaribia kustaafu au ana safari ya mwaka mzima.

Mkishaanza, kila mkutano uandikie muhtasari wa mistari mitano umtumie usiku huo: tuliafikiana hili, nitaleta lile tarehe fulani. Kwa adabu: "Profesa, naomba unisahihishe nilipoelewa vibaya." Siku atakaposahau kuwa yeye ndiye aliyekutuma uongeze sura ile anayotaka uiondoe, utakuwa na karatasi. Mimi ilinifaa mara mbili.

4. Chuo

Hapa nitakuwa mfupi. Pwani University iko Kilifi, kilomita 60 hivi, na matatu za Malindi zinapita. Technical University of Mombasa iko Tudor. Zote mbili zilipata hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Vyuo kadhaa vya Nairobi vina kampasi mjini, lakini uliza waziwazi ikiwa programu ya uzamivu katika fani yako inafundishwa hapa au ni ofisi ya kupokea karo tu. Hakikisha CUE imeidhinisha programu yenyewe, si chuo peke yake. Msimamizi akiwa Nairobi, treni kutoka stesheni ya Miritini huchukua kama saa tano, na ile ya usiku hukuokolea hela ya malazi.

Kama fani yako ni Kiswahili, utamaduni au fasihi, fikiria Dar es Salaam au Zanzibar, ambako utaandika tasnifu kwa lugha hii hii. Mkenya aliyesoma nje, hata jirani tu, ataihitaji CUE itambue shahada yake kabla ya kuajiriwa chuoni.

Kwa Uingereza hesabu miaka mitatu hadi minne ya tasnifu moja kwa moja. Kwa Marekani ni mitano na zaidi, kwa kuwa unaanza na darasa na mitihani, ila mara nyingi wanakulipa posho. Hapa Kenya muda wa chini ni miaka mitatu, na mwenye kazi ya mchana asijidanganye na hiyo mitatu.

5. Pesa

Omba karatasi ya ada nzima kwa maandishi: masomo, usimamizi, mtihani, maktaba, na ada ya kila muhula unaochelewa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza. Kisha piga hesabu ya nyanjani: nauli, vocha, kuchapisha hojaji, msaidizi, na mtu wa kutafsiri kama waliohojiwa wanazungumza Kigiriama au Kidigo nawe huvijui.

HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu, ina mikopo ya masomo ya juu. National Research Fund hufadhili utafiti inapotangaza nafasi. DAAD wa Ujerumani wana ufadhili wa kusomea hapa hapa Afrika. Mwanaanthropolojia aliye katika uzamivu popote duniani anaweza kuomba wakfu wa Wenner-Gren gharama za nyanjani. Baraza la utafiti la CODESRIA, lililo Dakar, huwasaidia wanasayansi ya jamii wa Afrika. Mawazo Institute ya Nairobi huwashughulikia wanawake wanaosomea uzamivu. Kila mmoja ana msimu wake, kwa hiyo andika kalenda yako mwenyewe na uanze miezi mitatu kabla, maana barua za watu wanaokupendekeza ndizo huchelewa, si wewe.

Neno moja tu la onyo: usichukue pesa ya chama cha kuweka akiba kulipia karo ya mwaka wa kwanza ukitumaini ufadhili wa mwaka wa pili. Nimemwona mtu akiacha masomo na chama kwa pamoja.

6. Pendekezo la utafiti

Kurasa ishirini hadi thelathini: swali, waliotangulia walisema nini, nadharia, mbinu, ratiba, bajeti. Utalitetea idarani, kisha kitivoni, na kila kikao kitakuwa na mtu mmoja atakayeuliza, "Mbona sampuli yako ni ndogo?" Kama utafiti wako ni wa mahojiano ya kina, jibu tayari: hutafuti wastani wa mji, unatafuta namna jambo linavyofanyika, na utasimama mahojiano mapya yakianza kurudia ya zamani bila kuongeza kitu. Jibu hilo ulijue kwa moyo, lakini uliamini pia. Na kama swali lako ni la "wangapi", basi yule mtu yuko sawa, nenda kwa mtaalamu wa takwimu kabla ya kuandika hojaji. Ukishazijaza, hataweza kukusaidia.

7. Vibali

Mpangilio ni huu, na ukiruka mmoja utarudishwa. Cheti cha maadili kwanza, kutoka kamati iliyosajiliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi (Pwani University wanayo). Pili, leseni ya utafiti ya NACOSTI yenyewe, inayoombwa mtandaoni na kudumu mwaka mmoja. Tatu, ofisi ya kamishna wa kaunti, jengo la Uhuru na Kazi, na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, ukiwa na nakala za kutosha. Nne, naibu kamishna, kisha chifu, kisha mzee wa mtaa.

Huyo wa mwisho hayumo katika fomu yoyote, lakini ndiye mwenye ufunguo. Mimi nilikuwa na leseni yenye mhuri na bado nilikaa wiki nzima bila mtu wa kuzungumza naye. Mzee wa mtaa alinikalisha barazani, akanipa kahawa, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtaja marehemu babu. Akasema, "Sasa mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?" Jioni hiyo nikapata nyumba tatu.

Lakini urahisi huo una mtego. Ukipelekwa na mzee, utapelekwa kwa jamaa zake na kwa watu wasio na ugomvi naye. Tafuta mlango wa pili: kikundi cha kina mama, fundi, muuza maji, mwalimu wa madrasa. Na fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili cha mtaani, umsomee mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana: sema data ni za nini, utaziweka wapi, nani ataziona.

8. Nyanjani

Nilianza na hojaji. Swali la nne liliuliza: "Je, wewe ni mwenye nyumba au mpangaji?" Visanduku viwili. Nilikuwa nimejaza 43 nilipofika kwa bibi mmoja aliyekuwa akichagua mchele mlangoni, ungo mapajani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa kwenye jamvi."

Nikamsomea swali. Akaendelea kuchambua chenga, kisha akasema, "Vyote viwili, mwanangu."

Nikadhani hakunielewa, nikarudia. Akaniangalia kwa huruma. Nyumba ni yake, aliachiwa na mumewe. Ardhi anapanga. Na chumba cha mbele amempangisha kijana wa bodaboda. Karatasi yangu haikuwa na kisanduku cha mtu huyo, na mtaa mzima ulikuwa mtu huyo. Hojaji 43 nikazitia kwenye mfuko wa plastiki. Bado ninazo.

Kwa hiyo jaribu maswali yako kwa watu watano kabla ya kuchapisha chochote, na wawe watu wa mtaa wenyewe. Marafiki wa chuoni watakuelewa kwa kuwa wanazungumza kama wewe.

Baadaye kosa kama hilo lilijificha katika neno. Watu waliniambia, "Mwenyewe huja tarehe tano." Nikaandika kila mahali kwamba "mwenyewe" ni mwenye ardhi. Nilipokuwa nikisikiliza kanda kwa mara ya pili nikagundua kuwa kwa wengine ni wakala anayekusanya kodi, na mwenye ardhi hasa hawajawahi kumwona. Nikarudi kwa watu kumi na wanane kuuliza neno moja. Hapo ndipo uzoefu wa kuzaliwa mtaani ulinidanganya: mgeni angeuliza siku ya kwanza.

Saa. Mchana wa Ramadhani usimsumbue mtu. Ila baada ya tarawehe mabaraza hujaa na watu wana ndimi nyepesi. Wakati wa masika, Aprili hadi Juni, vichochoro vingine havipitiki. Kipindi cha kampeni epuka kabisa maswali ya ardhi, kwa sababu utadhaniwa umetumwa na mgombea, na uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027.

Malipo. Mtu ataomba "ya kahawa". Mimi nilikuwa nikibeba sukari kilo moja kwa kila nyumba niliyokaa zaidi ya saa moja, nikaeleza hivyo kwenye fomu ya maadili. Sikulipa majibu.

Kurekodi: weka kinasa karibu na mtu, mbali na barabara, maana tuktuk moja hufuta sentensi nzima. Saa moja ya sauti ilinichukua saa sita kuiandika. Usingoje mrundikano. Nakala weka mahali patatu, na angalau mahali pamoja kati ya hapo pasiwe ndani ya nyumba yako. KoboToolbox ni ya bure kwa hojaji za simu, R ni ya bure kwa takwimu. Mahojiano yangu niliyachambua kwa karatasi na kalamu za rangi, na sijaona aliyenizidi kwa programu ya bei ghali.

9. Kuandika, na makala mbili

Anza na sura ya matokeo unayoipenda zaidi. Utangulizi andika mwisho, kwa sababu hujui unatambulisha nini hadi uwe umekwisha. Nilipata saa moja na nusu kila alfajiri kabla ya watoto kuamka, na humo ndimo tasnifu ilimoandikwa. Wikendi za "nitakaa niandike siku nzima" hazikunipa kitu.

Nukuu za waliohojiwa ziache kwa Kiswahili, tafsiri ifuate chini. Mtahini mmoja alilalamika. Msimamizi akamjibu kuwa ushahidi ni maneno yaliyosemwa.

Kanuni za CUE zinataka makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla hujahitimu. Tuma ya kwanza ukiwa bado unachambua data, kwa kuwa majibu yanaweza kuchukua mwaka. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku saba ukilipa leo ni duka. Angalia nani yuko kwenye bodi, na uwaandikie wawili kuuliza kama wanajua kuwa majina yao yamo.

10. Utetezi na masahihisho

Vyuo vingi hutaka notisi ya kukusudia kuwasilisha miezi kadhaa kabla, kwa hiyo uliza mapema. Kazi hupitishwa kwenye programu ya kupima wizi wa maandishi, kisha huenda kwa watahini, akiwemo wa nje. Chumbani utapewa dakika ishirini kueleza kisha maswali. Andaa ukurasa mmoja wa udhaifu wa kazi yako uliouona mwenyewe. Ukiutaja kwanza, wanauliza namna ulivyoushughulikia badala ya kukuvizia nao.

Wengi hupita kwa masahihisho. Tengeneza jedwali: alichosema mtahini, ulichofanya, ukurasa wa ngapi. Pale usipokubaliana, andika sababu kwa heshima, usinyamaze.

Na kabla ya kupeleka kazi ikafungwe jalada, andika muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, herufi kubwa, uurudishe mtaani. Mimi niliusoma barazani baada ya alasiri. Mzee mmoja aliinua mkono ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeandika kuwa kodi ya kiwanja ilikusanywa nyumba hadi nyumba tangu zamani. Akasema la, zamani watu waliipeleka wenyewe kwa mwenye ardhi, mbio za nyumba hadi nyumba zilianza na mawakala. Wawili wengine wakamuunga mkono. Ilinigharimu aya tatu katika sura ya nne na siku mbili za kuchapisha upya.

Nakala nne: tatu zilizofungwa, za idara, maktaba na moja yako, na NACOSTI wapelekewe ya kielektroniki. Ya tano niliifunga kwa ajili ya mzee yule.